Skuta ya cc 50 inayolia bila kwenda: kabla hujanunua pistoni kubwa

*Swali: Mimi ni mwalimu, ninaishi Makorora hapa Tanga na ninafundisha upande wa Pongwe. Nina skuta ndogo ya cc 50, ya Kichina, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Nikiwa peke yangu kwenye tambarare inafika kilomita 50 kwa saa, lakini nikimpakia binti yangu wa darasa la tatu na tukikutana na mwinuko, inashuka hadi 30. Injini inalia sana lakini haiendi. Mdogo wangu anapenda mambo ya ufundi na anataka tuibadilishe wenyewe nyumbani: kuondoa filta ya hewa, kukata bomba la moshi, kuweka rola nyepesi, na kufunga silinda kubwa ya cc 72 aliyoiona ikiuzwa mtandaoni. Tuanze na lipi, na je, tutaiua injini?*

Mwalimu, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na kila mara jicho langu limekwama kwenye maneno yale yale: injini inalia sana lakini haiendi. Kwa fundi, maneno hayo ni nusu ya jibu. Injini inayozidiwa na mzigo huwa inazama. Sauti yake hushuka, mtetemo huongezeka, na ukivuta mafuta zaidi inakuwa kama mtu anayekokota miguu. Injini inayopiga sauti ya juu huku mwendo unapungua inaeleza jambo jingine kabisa, kwamba nguvu inatengenezwa lakini inapotea njiani kabla ya kufika kwenye gurudumu la nyuma. Kwa hiyo kabla hatujazungumzia silinda kubwa inabidi tujue nguvu uliyo nayo sasa inapotelea wapi, kwa sababu ukiongeza nguvu kwenye mfumo unaovuja, utakachoongeza ni kiasi kinachovuja.

Wasiwasi wako ni wa haki, na nia ya mdogo wako si mbaya. Ila mambo manne aliyoyataja hayako sawa: moja ni zuri likifanywa kwa wakati wake, mawili yataidhuru injini, na la nne linawezekana lakini linadai mengi kuliko tangazo la muuzaji linavyosema.

Tuanze na mahali nguvu inapopita. Skuta yako haina gia za kukanyaga. Ukifungua kifuniko kirefu cha upande wa kushoto utakuta mkanda mpana wa mpira unaozunguka kati ya puli mbili. Ya mbele ndiyo mafundi wanaiita varieta: ni sahani mbili zenye mteremko, moja imesimama na nyingine inateleza, na nyuma ya ile inayoteleza kuna vipande sita vya mviringo, yaani rola. Injini inapoongeza mizunguko, rola hukimbilia nje kama maji yanavyokimbilia ukingoni unapoizungusha ndoo, na zikikimbia nje zinaisukuma sahani, sahani inaubana mkanda, na mkanda unapanda kuelekea ukingo wa puli. Kule nyuma kuna puli nyingine yenye springi kubwa, na mkanda unapopanda mbele, huku nyuma unazama. Sisi wa Tanga tumekua juu ya baiskeli, na mwenye baiskeli ya gia ataelewa mara moja: mkanda ukiwa chini mbele ni gia ya kupandia kilima, ukiwa juu mbele ni gia ya tambarare. Tofauti ni kwamba hapa gia hubadilika zenyewe, pole pole, bila hatua.

Kutokana na muundo huo, ni kawaida skuta kulia kidogo kwenye mwinuko. Puli ya nyuma ina mifereji ya mshazari ambayo, mzigo unapozidi, huusaidia mkanda kurudi kwenye gia nyepesi ili injini izunguke haraka na kupata nguvu. Kwa hiyo sehemu ya unachokisikia si ugonjwa. Lakini kushuka hadi 30 kwa uzito wa mtoto wa darasa la tatu, tena kwa chombo ambacho kikiwa na mtu mmoja kinafika 50, kunanifanya nishuku uchakavu, hasa kwa kuwa uliinunua ikiwa imetumika na hukutaja kwamba mkanda umewahi kubadilishwa.

Kwenye injini za aina hii, ambazo nyingi zimechongwa maandishi 139QMB kwenye mwili wake, mkanda huwa umechapwa namba. Namba inayoonekana sana ni 669-18-30, maana yake urefu milimita 669, upana milimita 18, na mteremko wa ubavu nyuzi 30. Skuta zenye kifuniko kirefu zaidi hutumia 729-17.5-30. Chukua vania, yaani kile kipimo cha kubana, pima upana wa mkanda wako mahali patatu au panne. Ukikuta umepungua kwa milimita moja au zaidi, umekwisha, hata kama hauna ufa. Mkanda mwembamba unakaa vibaya kati ya sahani, unateleza ukibanwa na mzigo, na hauwezi kupanda hadi ukingoni, hivyo unapoteza kilima na mwendo kwa pamoja.

Kisha toa rola zote sita uzipange kwenye meza iliyo sawa. Rola nzima ukiigusa kwa kidole inaviringika hadi mwisho wa meza. Rola iliyolika inapiga hatua moja kisha inalala kwa ubavu, kwa sababu imetokea bapa upande mmoja, na ukiipitisha kidole utalisikia lile bapa kama ukingo wa shilingi iliyosuguliwa. Rola ya namna hiyo haiviringiki ndani ya varieta. Inakwama, kisha inaruka, na sahani inakwenda kwa mshtuko. Mara nyingi nimekuta sita zote zina bapa, na mwenye chombo alikuwa amekuja kuulizia injini kubwa zaidi.

Angalia pia klachi iliyo nyuma. Vipande vyake vya kusugua vikiwa vimeng'aa kama kioo, vinateleza ndani ya bakuli lake, na mara nyingi utasikia harufu ya kuungua baada ya kupanda. Ile mifereji ya mshazari niliyoitaja ikikauka au ikijaa uchafu, mkanda haurudi kwenye gia nyepesi unapouhitaji. Mambo haya manne, yaani mkanda, rola, klachi na mifereji, ndiyo yanayokula nguvu za skuta nyingi za hapa mjini, na vipuri vyake vyote kwa pamoja ni nafuu kuliko silinda mpya na vinavyoandamana nayo.

Mambo mengine yapimeni haraka siku hiyo hiyo. Simamisha skuta kwenye stendi ya kati, gurudumu la mbele liinuliwe lisiguse chini, na ulizungushe kwa mkono. Likisimama mara moja, breki inashika, nalo ni tatizo la kawaida kwetu kwa sababu hewa ya chumvi inafanya sehemu zinazobana diski zigande. La nyuma halitazunguka kwa wepesi huo, kwa kuwa linavuta giaboksi, ila lisitoe mkwaruzo. Jaza upepo kwenye matairi. Injini ikiwa baridi kabisa pimeni tapeti, yaani mwanya mdogo kati ya valvu na chuma kinachoisukuma, ambao kwa injini hizi huwa kati ya milimita 0.05 na 0.10. Valvu ikibaki bila mwanya haifungi vizuri, mgandamizo unapungua, na mwishowe valvu inaungua. Fungueni na plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni njema, nyeusi yenye masizi inaonyesha petroli imezidi, na nyeupe inaonyesha hewa imezidi. Kumbukeni rangi ya nyeupe, kwa maana inatupeleka kwenye filta.

Dhana ya kwamba filta inaibana injini, na kwamba ukiiondoa inapumua, ninaisikia kila wiki. Kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, ilipimwa ikiwa na filta pale. Petroli inavutwa kutokana na tofauti ya msukumo wa hewa, na jeti, yaani kile kitundu kidogo cha petroli, kilichaguliwa kulingana na kizuizi hicho. Ukiiondoa filta, hewa inaongezeka na petroli haiongezeki kwa uwiano ule ule. Petroli inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ili iungue yote. Injini ikivuta mzigo, mchanganyiko unapaswa kuwa na petroli zaidi kidogo ya hapo. Ukielekea upande wa hewa nyingi, sehemu za ndani zinapata joto kali, na pistoni ni aluminiamu, madini ambayo yakiwa safi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Kwa skuta inayopozwa na feni, inayopanda kilima saa nane mchana kwenye joto la pwani, huna akiba kubwa ya kuchezea.

Joto ni nusu ya hasara. Kuna kijana mmoja aliyekuwa akileta samaki mjini kutoka njia ya Pangani, wakati ambapo sehemu kubwa ya barabara ile ilikuwa bado vumbi. Alikuwa ameondoa filta na kufunga kitambaa cha soksi mahali pake. Nilipoifungua injini yake, kwenye njia ya hewa palikuwa na tope jekundu laini, vumbi lililochanganyika na oili, na ukuta wa silinda ulikuwa na mikwaruzo ya wima ambayo ukucha ulikuwa unakwama ndani yake. Ringi za pistoni zilikuwa zimebaki nyembamba kama waya. Alisema mwanzoni ilikuwa inakwenda vizuri sana, na ninaamini alikuwa mkweli. Mwanzo huo ndio unaowadanganya watu. Kwa hiyo badilisheni filta mpya ya karatasi, au osheni ile ya sponji na kuipaka oili kidogo, kisha ifungeni na boksi lake lote.

Kuhusu bomba la moshi nitasema machache. Kulikata kunaongeza sauti, na sauti hiyo inamfanya mwendeshaji aone kama mwendo umeongezeka. Kwa injini ndogo ya mikupuo minne yenye kabureta isiyobadilishwa, matokeo yake ni kupunguza tena petroli kwenye mchanganyiko, na mara nyingi nguvu ya mizunguko ya chini na ya kati, ile mnayoihitaji kwenye mwinuko, ndiyo inayopungua. Liacheni lilivyo, ila hakikisheni halijaziba kwa kutu au masizi na gasketi yake haivuji.

Sasa silinda ya cc 72. Hesabu yake ni rahisi na ningependa mdogo wako aifanye mwenyewe. Pistoni ya 139QMB ina kipenyo cha milimita 39 na inasafiri milimita 41.5, ndiyo unapata cc 49.6. Ukipanua kipenyo hadi 47 na kuacha safari ile ile, unapata cc 72. Hiyo ni nyongeza ya karibu asilimia 45, na haishangazi kwamba inavutia. Lakini tuchukue injini ambayo mgandamizo wake ni 10 kwa 1. Hii ina maana kwamba nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni kama cc 5.5. Ukifunga silinda ya cc 72 na kuacha nafasi ile ile, 72 ukijumlisha na 5.5, kisha ugawanye kwa 5.5, unapata mgandamizo wa karibu 14 kwa 1. Petroli ya kituoni haivumilii hivyo; itaanza kulipuka kabla ya wakati wake, utasikia mgongano mkavu kama kokoto ndani ya kopo unapovuta mafuta, na pistoni itatoboka. Ndiyo maana silinda hizi zinatakiwa kuja na pistoni iliyochimbwa kichwani au na kichwa cha silinda kinachoendana nazo. Muuzaji asiyeweza kukueleza kifurushi chake kinatoa mgandamizo gani, usinunue kwake.

Mkishapata kifurushi sahihi bado kuna kazi. Mtahitaji jeti kubwa zaidi na kuisoma plagi baada ya kila badiliko, kupima mwanya wa ringi ndani ya silinda mpya kabla ya kufunga, na kuendesha kwa upole kilomita 500 za mwanzo na kumwaga oili mapema. Injini hii inabeba oili isiyofika lita moja, na oili hiyo inachujwa kwa wavu tu. Ukiongeza joto na nguvu, vipindi vya kubadilisha oili lazima viwe vifupi. Kranki, konrodi na beringi, yaani sehemu za chini zinazogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, zinabaki zile zile zilizotengenezwa kwa nguvu ya farasi kama 3. Zitahimili kwa muda, lakini maisha yake yatapungua. Na tafadhali, yale makava ya plastiki yanayozunguka silinda yarudishwe yote, kwani ndiyo yanayoielekeza hewa ya feni. Nimeona watu wakiyaacha nje ili silinda mpya ionekane.

Yupo pia atakayewaambia kwamba skuta imefungwa kiwandani na inahitaji kufunguliwa tu. Ni kweli kwamba skuta za cc 50 za soko la Ulaya hufungwa zisizidi kilomita 45 kwa saa, na za Japani 60, kwa njia kama ringi ya chuma ndani ya varieta au kikomo kwenye kifaa cha umeme cha plagi. Lakini kizuizi hicho kinagusa mwendo wa juu kabisa. Tatizo lako liko kwenye zile kilomita 30 kwa saa za kilimani.

Badiliko ninalolikubali, baada ya kurudisha kila kilicholika, ni rola. Pelekeni rola zenu kwa mwenye mizani ya sonara mzipime, kwa sababu hujui aliyekuuzia aliweka zipi, na zilizolika huwa zimepungua uzito. Namba ya asili, ikiwa bado inasomeka, ndiyo ya kuamini. Nunueni seti mpya ya uzito wa asili kwanza, endesheni wiki nzima, kisha kama bado mnataka nguvu zaidi ya kupanda, shusheni gramu moja kwa kila rola. Rola nyepesi huchelewa kukimbilia nje, hivyo injini inabaki kwenye mizunguko yenye nguvu kwa muda mrefu zaidi kabla gia haijawa nzito. Mtapata kuondoka kwa wepesi na kupanda vizuri zaidi. Mtapoteza petroli kidogo, na mwendo wa juu hautaongezeka. Mkizidisha, skuta italia muda wote na haitakwenda, yaani mtarudi kwenye malalamiko mliyoanza nayo. Rola hizi hazipakwi grisi, na mkanda ukiguswa na oili utateleza.

Kazi hiyo inafanyika nyumbani, ila nina mambo matatu ya kumwambia mdogo wako. Asiingize bisibisi kwenye mapanga ya feni ili kuizuia injini isizunguke anapofungua nati ya varieta. Panga moja likivunjika, feni inayumba na beringi ya kranki inaumia, kwa hiyo atafute kishikio chake. Nati kubwa ya klachi ya nyuma inaishikilia springi yenye nguvu ya kuvunja meno, na asiyekuwa na kibanio chake asiifungue. Na petroli inayomwagika unapofungua kabureta isiwe uani karibu na jiko la mkaa, hata kama jiko linaonekana limezimika.

Breki hukuzitaja, na kwangu zinatangulia kila kitu tulichozungumza, kwa sababu unambeba mtoto na njia ya Pongwe ina malori ya saruji. Nishati ya chombo inakua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 50 kwenda 70, breki zinapaswa kumeza karibu mara mbili ya joto, na umbali wa kusimama tangu uliposhika breki unakua kwa kiwango hicho hicho. Breki ya nyuma ya skuta hii kwa kawaida ni dramu ndogo inayovutwa na waya. Badilisheni vipande vilivyolika, lainisheni pini za sehemu inayobana diski, na maji ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, kwani yanafyonza unyevu, na unyevu wa pwani yetu ni mwingi. Sitakubali mtu aongeze cc kwenye skuta ambayo breki zake hazijapimwa.

Upande wa sheria, kadi ya usajili ya TRA inataja ukubwa wa injini, na madaraja ya leseni za pikipiki yamegawanywa pia kwa ukubwa huo, chombo kisichozidi cc 50 kikiwa na daraja lake. Ukifunga cc 72 bila kubadilisha taarifa, unaendesha chombo tofauti na kilichoandikwa, na siku ya ajali kampuni ya bima itauliza. Tena 50 kwa saa ndicho kikomo kwenye maeneo ya makazi, hivyo mwendo wa juu zaidi usingekufikisha shuleni mapema kwa kiasi cha kujali.

Ziko hali ambazo nyumbani hapatoshi. Ukisikia mgongano mzito kutoka chini ya injini, ukiona moshi wa buluu usiokwisha, oili ikipungua bila kuvuja, au mgandamizo ukipimwa na kuwa chini hata baada ya kurekebisha tapeti, mpelekee fundi anayefungua injini, na kama humjui wa kuaminika, walimu wa ufundi wa VETA hapa Tanga wanaweza kukuelekeza. Kazi yoyote ya mfumo wa maji ya breki, kama hamjawahi kuifanya, ni ya fundi pia. Na kama haja yako ni kubeba watu wazima wawili kila siku, au kupanda milima ya Amani, usihangaike na skuta ya cc 50. Nyingi ziliundwa kwa mtu mmoja na mfuko wa sokoni, na fedha za silinda, kichwa, jeti na matengenezo yatakayofuata ni heri ziongezwe kwenye bei ya chombo cha cc 125.

Mkifungua Jumamosi hii, bebeni mkanda wa zamani na rola zote sita kwenye mfuko mmoja mnapokwenda dukani, ili muuzaji alinganishe namba na vipimo badala ya kukisia kwa jina la skuta. Kabla ya hapo, wewe na binti yako pandeni mwinuko ule ule uliouzoea mara mbili, muandike mwendo mliopanda nao. Baada ya kufunga vipuri vipya mrudi pale pale, mzigo ule ule, na karatasi ile ile mkononi.